Firauni Hakuzama Baharini

Binti yangu alipewa kazi ya shule: aeleze katika ukurasa mmoja jinsi alivyokufa yule Firauni kijana wa Misri, aliyekutwa kaburini na sura ya dhahabu. Aliniuliza kwa Kiingereza nami nikamjibu kwa Kiswahili, ndivyo tunavyoishi nyumbani kwetu. Sikuhitaji hata kufikiri. Nimekaa madrasa Tanga miaka sita, nikichapwa bakora kwa habari hizohizo. Nikamwambia aandike kwamba alizama baharini akimfukuza Nabii Musa, yeye na jeshi lake lote, na alistahili.

Karatasi ilirudi na wino mwekundu. Mwalimu aliandika kwa adabu kwamba Mafirauni walikuwa wengi, na huyu hakuzama popote. Binti aliiweka mbele yangu juu ya cherehani, akasimama kusubiri nijitetee. Nilikasirika kwelikweli. Niliwakasirikia Mafirauni kwa kuwa wengi bila kutoa taarifa. Kwetu Firauni ni mmoja, na ukimwita mtu hivyo mnapigana.

Duka letu liko Yeoville, hapa Johannesburg, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande huu niko mimi na cherehani zangu mbili, upande wa pili yuko mama mmoja Mkongo kutoka Bukavu, msusi wa nywele. Yeye ni mlokole, mimi Mwislamu, lakini kwa Firauni dini zetu zilikuwa kitu kimoja: naye alijua kwamba kazama. Kwa hiyo aibu ilikuwa ya wote, na Jumamosi ile duka zima likaamua kumsaidia mtoto kurudia kazi yake.

Simu zikatolewa. Wateja waliokuwa wakisukwa, ambao hata wakitaka hawawezi kuinuka, ndio waliogeuka wanazuoni. Mmoja akasoma kwamba kijana alianguka kwenye gari la farasi akavunjika mguu. Mrundi mmoja aliyeleta suruali ipunguzwe akasema ni malaria, imekutwa mpaka kwenye mifupa, akaona fahari kidogo kwamba mbu wetu walifika hadi ikulu. Wa tatu akasema wazazi wake walikuwa ndugu, sasa hapo mlitegemea nini. Wako pia waliodai kwamba alipigwa kichwani na mtu aliyekitaka kiti chake. Wataalamu wengi wameshalikataa hilo, lakini dukani kwetu ndilo lililopendwa zaidi, maana sisi kwetu mtu hafi hivihivi. Halafu kuna kaburi lenyewe, dogo mno kwa mfalme, utadhani lilichimbwa kwa ajili ya mtu mwingine, na inasemekana lilifungwa harakaharaka rangi ya kuta ikiwa mbichi. Kuna hata wanaoamini kwamba nyuma ya ukuta mmoja kuna chumba ambacho hakijafunguliwa hadi leo. Ilipofika adhuhuri tulikuwa na Firauni mmoja aliyekufa vifo vinne, na suruali ya Mrundi nilikuwa nimeipunguza mguu mmoja tu.

Binti aliandika yote. Ana tabia mbaya ya kusikiliza. Alipofika mwisho wa ukurasa akaniuliza, na safari hii kwa Kiswahili, kile chake cha kuokoteza:

"Baba, na babu alikufa na nini?"

Nikamwambia ni mapenzi ya Mungu. Akasema jibu hilo mwalimu hawezi kulikubali. Mama Mkongo akaacha kusuka, akalisogeza pazia.

"Papa, mutoto iko na haki. Ule mufalme ya Misri unajua mpaka mifupa yake. Baba yako mwenyewe, hapana?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui. Baba yangu alifariki Tanga miaka mitatu iliyopita, nami nikapigiwa simu akiwa ameshazikwa, maana kwetu maiti hailazwi. Baba mdogo aliniambia ni presha. Shangazi akasema malaria iliyopanda kichwani. Binamu akasema alianguka kwenye bodaboda, akaieleza mpaka rangi yake. Jirani mmoja alinivuta kando, kama mtu anaweza kuvutwa kando kwenye simu, akasema hayo ni mambo ya watu. Kaburi nalo nilitumiwa picha mbili, kaburi moja lina mche wa asumini kichwani, jingine halina, na kila aliyetuma aliapa kwamba la kwake ndilo. Video ya mazishi ninayo pia. Binamu aliipiga huku kidole gumba kikiziba nusu ya kioo, na nilichoona vizuri ni kandambili za waombolezaji. Wataalamu wa Misri angalau wana maiti yao.

Sikuwahi kuwabana. Desturi yetu naijua: aliye ugenini haambiwi. Wote wazima, hata mbuzi wazima, mpaka siku unapoambiwa ukaze moyo. Na isitoshe nami nilikuwa na siri yangu, sikuwa na uso wa kumdai mtu ukweli.

Kwetu walijua nafanya kazi benki, Sandton, upande wa matajiri wa jiji hili. Mwaka wangu wa pili hapa nilipata tenda ya kushona mapazia ya ofisi moja kubwa kule, na siku ya kuyatundika nikakuta yanaburuzika sakafuni, ikabidi nikae juu ya zulia niyapinde kwa mkono. Wenye ofisi walipokwenda kula, nikatoa koti la suti la mteja nililokuwa nimpelekee baadaye, nikalivaa, nikakaa nyuma ya meza ya meneja. Mlinzi, Mtanzania mwenzangu, akanipiga picha. Niliituma Tanga bila maelezo. Sikusema uongo hata mmoja, niliiachia meza iseme. Baba yangu alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na kila siku ya utoto wangu aliniambia nisome, nisije nikaishia kukanyaga cherehani kama yeye. Ningemwambiaje kwamba nimevuka nchi kadhaa kwenda kuikanyaga Johannesburg? Wakiniuliza mbona siji hata kusalimia, nilisema kazi ni nyingi. Kumbe kibali changu kilikuwa kimekwisha muda, na ningevuka mpaka, ningerudije kwa mke na mtoto?

Pale dukani nikajaribu kujitoa kwa mzaha. Nikawakumbusha kwamba waliolifungua kaburi la Firauni inasemekana walipatwa na laana. Mama Mkongo akasema laana ni ya wezi wa dhahabu, anayemuulizia baba yake haimpati. Binti alikuwa ameshanishikisha simu, kalamu mkononi.

Nikampigia mama yangu, nikamuuliza waziwazi. Akasema ni figo. Baba alilala kitandani miezi saba. Kaburi ni lile lenye asumini. Picha ile nyingine ilipigwa kabla yeye hajaipanda. Aliyasema hayo taratibu, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa.

Miezi saba. Nilimfokea mama yangu, na mpaka leo naona aibu. Nikamwambia hakuna kazi ya benki inayomzuia mtu kumwona baba yake, wangeniambia tu, ningeomba ruhusa.

"Benki gani, mwanangu?" akasema.

Mama akaendelea kwa sauti ileile. Picha yangu baba aliitundika ukutani, wageni wakija anawaonyesha: huyu ni mwanangu, ana meza yake Sandton. Wakishaondoka anacheka peke yake. Siku moja alimwita mama karibu, akamwonyesha mkono wangu ulioegemea meza. Kwenye kidole cha kati nilikuwa bado nimevaa kastabini, kile kikofia cha chuma tunachojikingia sindano tunapopinda nguo kwa mkono. Nilivaa koti, nikasahau kidole.

Nikamuuliza, kama baba alijua, mbona hawakuniambia kwamba anaumwa.

"Alisema tukikwambia itabidi uje. Na kama huwezi kuja, itabidi useme kwa nini. Hakutaka uaibike mbele yetu."

Nililia palepale, nimejiziba uso kwa suruali ya Mrundi. Mama Mkongo akarudisha pazia. Binti yangu aliweka kalamu chini akanishika bega, hakuandika neno.

Mama alinisubiri mpaka nikatulia. Kisha akasema kuna jambo moja baba alikuwa akijiuliza kila akiitazama picha ile, mpaka siku zake za mwisho, na hapakuwa na wa kumjibu.

"Cherehani za huko, mwanangu, mnatumia za umeme, au ni za kukanyaga kama zake?"

Nikamwambia moja ni ya umeme. Nyingine naikanyaga.