Kutoka Kisongo hadi Dar, kwa Saa ya Mkononi

Jumamosi ya tarehe kumi na nne Desemba nilikata chane tatu za ndizi mshare nyuma ya nyumba yangu, Kikatiti, nikazipanga kapuni zikiwa na umande. Binti yangu alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza huko Dar es Salaam siku ya Jumatano. Kwetu mtori wa mzazi hupikwa na mama yake, kwa ndizi mbichi za shambani. Kwa basi zingeshinda kutwa nzima kwenye joto na kuanza kulainika. Ndiyo maana mwanangu wa kiume alinikatia tiketi ya ndege ya saa sita mchana.

Hesabu ya umbali na mwendo niliisoma ukubwani, katika darasa la watu wazima, mwaka uliofuata msiba wa marehemu mume wangu. Sikumruhusu mtu anisaidie kupanga safari. Saa tatu na nusu nilikuwa KIA, nimevaa kitenge kipya, nikiwa na muda wa kutosha na wa kugawa.

Askari wa mlangoni aliisoma tiketi, akaisoma tena.

“Shikamoo mama. Hii imeandikwa Arusha. Ndege yako inaruka kutoka Kisongo.”

Neno Arusha nilikuwa nimelisoma mara tano nyumbani. Lakini kwa sisi wa Kikatiti, uwanja wa ndege ni KIA. Kisongo iko ng’ambo ya pili ya mji wa Arusha. Jirani yangu aliyenileta kwa gari lake aina ya Noah alicheka mpaka akaegemea usukani.

“Mama, kumbe na wasomi hupotea!”

“Geuza gari, wewe. Aliyepotea ni dereva.”

Nilitoa daftari. Kilomita kama sitini, mwendo wa hamsini kwa saa: saa moja na dakika kumi na mbili. Abiria wangepokelewa hadi saa tano na robo. Nikamwambia atulie, muda unabaki.

“Na gulio la Jumamosi la Tengeru umeliandika wapi?” akauliza.

Mimi, nisiyesahau tarehe, nilikuwa nimesahau siku. Tulisimama nyuma ya mbuzi, matoroli na akina mama wenye mizigo ya karoti, na kila dakika nilizibonyeza ndizi kwa kidole gumba. Zilikuwa bado ngumu. Tuliingia Kisongo saa tano na dakika nane.

Angani tulitumia saa moja na robo. Kutoka uwanja mmoja hadi mwingine nilikuwa nimetumia saa moja na dakika thelathini na nane.

Jioni hiyo binti yangu, mtoto kifuani, alimaliza bakuli la pili la mtori na kulikwangua kwa kijiko.

“Mama, ndizi mbichi hivi! Umesafiri muda gani?”

“Saa moja na robo,” nikajibu, nikamwongezea supu.

Jirani yangu alikwisha kumpigia simu tangu mchana.

“Hesabu na Tengeru, mama,” akasema binti yangu.