Siku Tuliyoficha Ndakala

Mimi nina hasira za karibu, nakiri mapema, ili ukinisikia nikifoka humu usishangae. Tangu sijaolewa nauza ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Kila asubuhi mitumbwi ikirudi hapa Kalemie, sisi wanawake tunanunua kwa mabeseni, tunamwaga mchangani na kugeuza juani mpaka zikauke. Baadaye zinapanda treni kwenda Kongolo, au gari kwenda Manono kwa wachimbaji. Ni kazi nzuri, ila ikinyesha tumekwisha. Mvua ya siku mbili tu na mzigo mzima unaoza, unaurudisha ziwani umejifunga kitambaa puani. Nimelia mara nyingi mbele ya ndakala zilizooza, na mimi si mtu wa kulialia.

Kwa hiyo nilitega masikio siku Papa mmoja, ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima, kutoka biro, yaani ofisi ya mkoa, yule anayeshughulika na wageni wenye mitaji, alipotushukia ufukweni na habari. Kuna mama kutoka ng'ambo, alisema, anatafuta mahali pa kuweka kiwanda cha kukaushia samaki pamoja na chumba cha baridi. Angekaa kwetu siku moja tu, ndege yake saa tisa, kisha angekwenda kuangalia mji mwingine wa ziwani. Kati ya miji hiyo miwili angechagua mmoja.

"Mama Prezida, mumutayarishie muzuri," alinisisitiza. Prezida wa chama chetu cha wauza ndakala ni mimi.

Sasa, kwetu kumtayarishia mgeni maana yake inajulikana. Mgeni haoni jasho lako. Unafagia, unaficha sufuria lenye masizi, unamkalisha kwenye kiti kilichoazimwa kwa mwenye kiti kizuri, anakula kuku, na shida zako anazisikia akishashiba. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyoamuru. Kazi ilisimama siku mbili. Kila aliyekuwa na ndakala kavu alizitia kwenye magunia, na kwa kuwa nyumba yangu iko karibu, magunia yote yalijazwa chumbani mwangu mwa kulala. Mume wangu alihamia kwa kaka yake akinung'unika.

Makamu wangu ndiye jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walikuwa wafanyabiashara wa ziwani, na Kiswahili chake ni kilekile cha Kigoma. Alishika ufagio, akaniangalia.

"Dada, huyo anakuja kuona samaki au kuona mchanga?"

"Wewe fagia."

"Haya, nafagia. Ila ukiulizwa, mimi simo."

Nilimkasirikia mpaka jioni.

Asubuhi ya siku yenyewe nilisugua mikono kwa ndimu hadi ngozi ikaniwasha. Harufu ya ndakala haitoki hivihivi. Kanisani huwa nasalimia watu kwa ncha za vidole, na nikienda biro yoyote naificha mikono ndani ya kikwembe, kitenge nilichojifunga. Siku ile nilitaka kumpa mgeni mkono safi.

Alikuja, mama mfupi mwenye viatu vya mpira na daftari. Papa wa biro alikuwa mkalimani. Tulikuwa tumevaa vikwembe vya sare, tukaimba, tukampigia makofi. Alitabasamu vizuri, akatembea ufuo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi. Aliandika kidogo sana. Tulimkalisha, tukamletea kuku, wali na soda. Alikula mapaja mawili kwa heshima, akafunga daftari na kusema maneno machache.

Papa wa biro alikohoa. "Mama Prezida, anashukuru sana. Anasema pahali ni pazuri na ni safi. Lakini anaona hapa samaki hakuna."

Nilihisi masikio yanawaka. Hakuna samaki? Kalemie? Nilitaka kumfokea, halafu nikautazama ule mchanga. Ulikuwa mweupe, una mistari ya fagio, hauna hata gamba moja. Nilikuwa nimefagia kiwanda chetu kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamwangalia makamu wangu. Alikuwa anaangalia ziwa, mdomo kaukaza asicheke.

"Mwambie anifuate," nilisema.

"Mama, ndege..."

"Papa, mwambie anifuate."

Nilimshika mgeni mkono nikamvuta. Chumba changu cha kulala hata mashemeji hawajawahi kukiona, lakini siku ile nilisukuma mlango wote. Magunia yalikuwa yamepanda hadi darini, mengine juu ya kitanda, mengine chini yake. Harufu ilitupokea mlangoni. Mgeni alisimama, akaanza kuhesabu kwa kidole, akakata tamaa. Alifungua gunia moja, akachota ndakala kiganjani, akazinusa na kuuliza jambo.

"Anauliza unalala wapi."

"Mwambie sijalala."

Nikamwonyesha basi kila kitu nilichokuwa nimekificha. Nilimwonyesha tunavyogeuza, nikamweleza habari za mvua, nikaigiza hata kufunga pua. Tulipotoka kupitia jikoni tulimkuta mama mkwe wangu kwenye kigoda, anakula bukari, ugali wetu, na ndakala za nyanya. Nyama ya kuku ya wageni alikuwa ameikataa. Mgeni alichuchumaa kando yake bila kukaribishwa, akanawa, akaanza kumega. Alikula kuliko alivyokula kuku. Kisha akaniuliza swali, na Papa wa biro akalileta kwa sauti ya chini.

"Anasema, hii chakula ni tamu, na kazi ni kubwa. Kwa nini mulimuficha?"

Ukweli ni kwamba niliona haya, na haya hiyo nilikuwa nayo tangu shule, wenzangu walipokuwa wanahama dawati langu kwa harufu ya samaki. Nilisema tu, "Nilisikia haya." Mama mkwe hakuinua kichwa kwenye sahani.

"Haya ya nini? Feza ya minerval, ya masomo ya watoto wote wa hii nyumba, njo ilitoka mu hii samaki."

Papa wa biro alitafsiri na hilo pia, ingawa hakuombwa. Machozi yalinitoka. Mgeni alinishika mkono, naye vidole vyake vilikuwa vinanuka kama vyangu.

Ndege aliiwahi akikimbizwa kwa pikipiki. Tulikaa miezi tukingoja, makamu wangu akinikumbusha ufagio wangu kila tulipokosana. Halafu jibu likaja. Leo kiwanda kipo pembeni ya ufuo, umeme unatoka kwenye bwawa la Bendera, na chama chetu kina sehemu yake ndani. Umeme ukikatika tunarudi mchangani kama zamani. Lakini mvua iliyopita sikutupa hata beseni moja.

Mwezi uliopita Papa wa biro alinipigia tena simu. Wageni wengine wanakuja, wana mtaji wa mashua, tuwatayarishie muzuri.

"Tutawatayarishia," nilimjibu.

Walitukuta tumeinama juani, magamba hadi viwikoni, nzi wakizunguka. Mkubwa wao alinyoosha mkono. Makamu wangu alinirushia kitambaa cha kufutia. Nilikiacha kikaanguka mchangani, nikampa mkono wangu wote.