Bushi la Mpingo

Mpingo ukitobolewa kwa nondo ya moto hutoa harufu kali tamu, na moshi wake hushika nguo hata baada ya kufuliwa. Hiyo ndiyo harufu ya nyumbani kwetu Mnyambe nilipokuwa mdogo. Baba alikuwa mchongaji wa vinyago, na alikuwa mgeni kijijini, kwa kuwa alioa akahamia kwa watu wa mama. Mwanamume wa ukweni hupimwa kila siku mpaka azeeke. Aliyempima zaidi ni Mjomba, kaka mkubwa wa mama, mwenye boti ndogo ya mashine iliyovusha watu mto Ruvuma, huko chini bondeni. Baba alitamani jambo moja tu: siku moja Mjomba aseme mbele za watu kwamba dada yake aliolewa na fundi.

Kiangazi kile boti ilikokotwa mchangani, ikakaa juu ya magogo miezi mingi juani. Nyuma yake shafti, chuma kirefu kinachozungusha pangaboi, ilipita ndani ya bushi la mpingo lililoishika isiyumbe. Mvua zilipokaribia, Mjomba alimwita Baba akague kama bushi limelika. Nilifuatana naye. Baba alilala chali mchangani, akashika shafti kwa mikono miwili, akainyanyua na kuishusha. Ikagonga: ko, ko. Akachukua kijiti cha mwanzi, akakichomeka kwenye mwanya kati ya shafti na bushi. Kikazama chote bila kusukumwa.

“Limekwisha hili,” akasema.

“Limekwisha kweli, shemeji?” Mjomba akauliza. “Mbona msimu uliopita lilikwenda vizuri?”

“Wewe jua mto, shemeji. Mpingo niachie mimi.”

Watu wakacheka, hata Mjomba, na mimi nikajiona mtoto wa mtu mkubwa.

Baba alikuwa na gogo la mpingo alilolitunza tangu kabla sijazaliwa, akingoja kazi itakayolistahili. Alilikata. Nyumba ikajaa moshi ule mtamu, na jioni alikaa kizingitini akilisugua bushi jipya kwa majani ya msasa mpaka likang’aa kama jicho la mbuzi. Alipolivika kwenye shafti, unywele usingepita. Mjomba alilitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwita kwa jina langu: “Haya, Baba Esha.” Baba alitembea na maneno hayo matatu hadi nyumbani, akiyarudia njia nzima.

Boti ikashushwa majini. Safari za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha, asubuhi moja tulipokuwa katikati ya mto, Baba akiwa amekaa mbele na kanzu yake safi, mashine iliguna, ikatoa moshi, ikazima. Shafti ilikuwa imebanwa, haigeuki. Mkondo ukatusukuma hadi kwenye fungu la mchanga, tukateremka ndani ya maji. Mama mmoja alikuwa na gunia la unga kichwani, unga umekwisha kulowa, uji mweupe ukimtiririka shingoni. Mjomba hakupiga kelele. Alisema taratibu, kila mtu akasikia: “Baba Esha, nilikuomba bushi, umenichongea kinyago.”

Bushi jipya lilikuwa limekunywa maji, likavimba. Wakalipasua kwa patasi. Kwa kukosa jingine, Mjomba aliliokota lile la zamani, lililotupwa kwenye dimbwi kando ya mto. Lilikaa sawasawa, na kijiti cha mwanzi hakikuingia. Likafanya kazi mpaka boti ilipouzwa. Halikuwa limelika. Jua lilikuwa limelikausha, basi.

Tangu siku ile Baba alikula akiwa amegeukia ukuta. Shuleni watoto walilala chali chini ya madawati, wakashika miguu yake na kuitikisa: “Limekwisha hili!” Nikawa napita njia ya mikoroshoni nisikutane na mtu.

Nilipokua nilimtafutia udhuru. Juu huku kwetu, mpini wa jembe ukilegea tulipigilia kabari ya mti. Mama alishuka bondeni kabla ya alfajiri kutafuta ndoo moja ya maji, na maji yaliyonawisha uso yaliishia kwenye mche wa mpapai. Nani angeloweka mti? Baba alijua mpingo mkavu, kwa sababu kwetu kila kitu kilikuwa kikavu.

Tumemzika mwaka huu. Watani wetu walikuja kutoka Chiwata, na kama desturi ilivyo, hawakumwacha marehemu apumzike. Mmoja alilala chali kando ya jeneza, akashika mguu wa jeneza, akautikisa. “Shemeji, limekwisha hili! Leteni jipya!” Waombolezaji walicheka huku wakilia. Mimi nilijifunika khanga usoni. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na aibu ilinichoma kama ile ya chini ya madawati.

Makaburini jembe moja lililegea. Kijana aliyekuwa akichimba hakutafuta kabari. Aliagiza ndoo ya maji ya bomba, akalitumbukiza, akakaa kidogo kuvuta pumzi. Alipolitoa lilikuwa limekaza, akaendelea kuchimba bila kufikiri lolote.

Nikataka kuwaambia wote: mnaona, Baba alikosa maji tu. Sikusema, kwa kuwa si kweli. Siku ile alipolala chali mchangani, mto ulikuwa hatua chache kutoka miguuni pake, na mimi nilikuwa nachezea ndoo.