Sahani Tatu za Mama na Madole ya Zuhura

Enzi zetu, wenzangu mliozaliwa mkakuta bendera ya Mwingereza bado inapepea, kupiga kura ilikuwa shughuli ya kunyoa ndevu na kuvaa koti. Vijana wa leo hapa Guangzhou, Uchina, wanapiga kura huku wanakula tambi.

Nilikuwa na miaka saba, tunaishi kwenye nyumba za reli, Mkoloni alipoamua jimbo letu liwe na wajumbe watatu kwa mkupuo: Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Kila mpiga kura sharti awachague wote watatu kwenye karatasi moja. Ukimwacha hata mmoja, karatasi nzima imeharibika. Wazungu wa jimbo letu wangeenea kwenye benchi moja la stesheni, lakini mjumbe walikuwa naye, sawasawa na sisi tuliojaa kuanzia sokoni mpaka mashambani. Uadilifu ulioje! Sisi watoto tukaugeuza mchezo. Kaka yangu Saidi alijipaka unga wa muhogo usoni akawa Mzungu, na kila siku alishinda, maana hakuwa na mpinzani.

Baba alikuwa karani wa stesheni mwenye cheti cha shule, kwa hiyo aliruhusiwa kupiga kura. Mama hakuruhusiwa. Kurani aliihitimu na hesabu alizifanya kichwani, lakini cheti hana. Na kura ile hakuna aliyeitaka kuliko yeye, maana mgombea wetu aliahidi kupigania shule ya wasichana, na mimi nilikuwa nashinda nyumbani napepeta mchele.

Siku ya uchaguzi Mama alimpigia Baba pasi, akamsindikiza hadi mlangoni. Mchana Baba akarudi kifua mbele.

"Nimemchagua wetu peke yake," akasema. "Hao wengine wawili wakapigiwe na mama zao!"

 Jioni Mama akamtengea sahani tatu: ugali na dagaa, chapati na dengu, na viazi vya kuchemsha visivyo na chumvi. Baba akavuta ya ugali.

"Zote tatu, Baba Saidi," Mama akasema. "Ukiacha moja, chakula chote kimeharibika." Kisha akaongeza: "Haki niliyonyimwa mimi, wewe umekwenda kuitupa."

Baba alikula mpaka kiazi cha mwisho. Mgombea wetu alishinda bila kura yake, na shule nikaja kuipata, lakini sahani zile sijazisahau.

Sasa niko mtaa wa Xiaobei, hapa hapa Guangzhou, kwa mjukuu wangu Zuhura, wakala wa mizigo, ofisi yake inatazama barabara ya Huanshi Zhonglu. Wiki iliyopita Watanzania wa hapa walichagua mwenyekiti, mtu wa kutusemea polisi na kwenye mambo ya viza. Wagombea watatu: wa Kariakoo, wa Unguja, na mwanafunzi anayeuza mikoba ya ngozi kutoka viwanda vya Shiling kuliko anavyosoma. Kura ni dole gumba chini ya jina la mgombea kwenye kundi letu la simu, na unachagua mtu mmoja tu. Hakuna anayeulizwa cheti. Zuhura, tambi mdomoni, akabonyeza mara tatu.

"Mbona umewachagua wote?" nikamuuliza.

"Bibi, wote ma-laoban wangu hao, mabosi wanaonipa mizigo. Nikimpa mmoja, wawili watahamisha kontena zao. Nimebalansi."

"Basi umeiharibu kura."

"Tatizo meiyou, hakuna kabisa, Bibi. Mwenyekiti atapatikana tu."

Hakupatikana. Karibu kila mtu alikuwa amebalansi, madole yakalingana, na wote watatu wakajiita wenyeviti. Juzi jirani yetu alishikwa na polisi kwa kosa la viza. Tukawapigia simu wenyeviti wote watatu, kila mmoja akasema ni zamu ya mwenzake. Jirani bado yuko ndani.

Jioni ile niliingia jikoni. Nikamtengea Zuhura ugali, chapati, na viazi visivyo na chumvi, nikamweleza habari ya mama yangu na sahani zake, tangu mwanzo hadi mwisho. Akasikiliza, akazipiga picha sahani zote tatu, akazirusha kwenye kundi. Madole yakamiminika.

Nikayatazama yale madole yakipanda. Mama angetembea kwa miguu kutoka stesheni ile mpaka Guangzhou kwa dole moja tu.