Tapeti za Gari la Mkunga

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Tapeti. Wala haukuwa utani mtupu: tapeti ni vyuma vinavyosukuma vali za injini, na kuzirekebisha ndiyo ilikuwa kazi yake. Enzi zake, gari kuukuu likipita linagongagonga kama mtu anayekatakata mboga, watu walimwambia mwenyewe, "Lipeleke kwa Tapeti." Naye alifungua kava la juu ya injini, akachomeka kile kibati chembamba cha kupimia katikati ya vali, kile kifuniko cha kupitishia hewa na moshi, na roka, mkono wa chuma unaoisukuma, akakivuta kwa vidole viwili huku anapiga soga, na injini ikatoka hapo imetulia. Magari ya siku hizi mengi hayataki mambo hayo. Basi mzee wa watu alibaki na wateja wa magari ya kizamani, nao kila mwaka wanapungua.

Siku hiyo alikuwa amechoka hata kabla hajavaa ovaroli. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka nao umekwisha. Miguu inawaka moto, mgongo haunyooki, na vidole, jamani, vidole ndivyo vilivyomnyima raha. Ugonjwa wa sukari ulianzia kwenye nyayo, akavumilia. Sasa umepanda mikononi. Akishika kikombe cha chai hajui kama ni cha moto mpaka aungue mdomo. Hakumwambia mtu. Fundi ataanzaje kutangaza kwamba vidole vimekufa ganzi? Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mbele yake lilikuwa gari la mkunga, mama mmoja aliyezunguka nalo mchana na usiku kuzalisha wanawake majumbani. Lilikuwa limerudi linavutwa kwa kamba, vali moja ya kutolea moshi imeungua ukingoni. Mkunga hakumlaumu hata kidogo. "Gari lenyewe limezeeka, fundi, kama sisi," alisema, akacheka.

Tapeti hakucheka. Alijua kilichoiunguza. Vali lazima iachiwe nafasi kidogo, maana chuma kikipata moto kinarefuka. Ukiilegeza mno inagonga, inakupigia kelele mpaka uishughulikie. Ukiibana mno haifungi vizuri, moto unapenya ukingoni na kuila, na muda wote huo iko kimya kabisa. Mara ya mwisho alipopima gari hilo, alivuta kile kibati asihisi kitu. Akakaza skrubu. Bado. Akakaza tena mpaka akahisi kinakwama kidogo, akaridhika. Kumbe kwa vidole vizima kingekuwa kimenasa kabisa.

Vali mpya alikuwa ameshaiweka. Kilichobaki ni kupima. Akachomeka kibati, akavuta. Akajaribu mkono wa kushoto. Akakishika kwa meno, mtu mzima na mvi zake! Kisha akakaa juu ya tairi bovu na kuona kabisa kwamba kazi yake imekwisha. Akikosea tena, mkunga atakwama njiani na mahali fulani mama mjamzito atamngoja bure.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa kibarazani palepale kando ya gereji. Aliacha kushona.

"Baba watoto, umeanza lini kula vyuma?"

"Njoo hapa."

"Nina gauni la mtu."

"Njoo, mama. Nakuomba."

Neno hilo la kuomba halikuwa la kila siku. Mama akaja, uzi umemning'inia shingoni. Tapeti akampa kibati.

"Vuta polepole. Unasikiaje?"

"Hakitoki. Kimebanwa."

Akalegeza skrubu. "Sasa?"

"Kinateleza tu, hakuna kitu."

"Na sasa?"

Mama akakivuta tena. "Kinapita, lakini kinavutwa. Kama kitambaa chini ya mguu wa cherehani."

"Hapohapo!" Akashikilia skrubu kwa bisibisi, akafunga nati. Mama akapima tena, maana nati huweza kuivuta skrubu. Wakaendelea hivyo, vali moja baada ya nyingine, Tapeti akigeuza injini kwa spana. Wakamaliza. Ndipo mama akamshika kidole akakiminya kwa nguvu, akimtazama usoni. Uso haukubadilika.

"Loo! Mume wangu. Na unanificha mimi?"

"Nilichoka hata kusema," akajibu, na ulikuwa ukweli.

Jioni mkunga akaja. Injini ikawashwa, ikapata moto, ikawa inapiga tiki-tiki-tiki nyepesi, sawasawa kabisa, kama inavyotakiwa. Mkunga akakunja uso.

"Fundi, mbona kelele? Mara ile ulinitengenezea ikawa kimya kama maji ya mtungini. Mikono yako ile! Nirudishie kama vile, tafadhali."

Mnaona mtihani huo? Kukaza kidogo tu, na mkunga angeondoka anamsifu. Jina lake lingebaki. Mkewe alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, hamsaidii wala hamzuii.

"Mama mkunga," Tapeti akasema, "ule ukimya ndio uliounguza vali yako. Ni mimi niliyeibana. Vidole vyangu havisikii tena, na nilijua havisikii, nikafanya kazi hivyohivyo."

 Hasira ilimpanda mkunga, ikaonekana wazi, kisha ikatulia bila kwisha.

"Nilikuwa barabarani, fundi. Kuna mtu alikuwa ananingoja."

"Najua."

"Sasa hizi kapima nani?"

Tapeti akamwonyesha mkewe kwa kidevu. Mkunga akaingia garini, akafunga mlango, akateremsha kioo, akamwambia yule mama, si Tapeti, "Mwezi ujao nitakuletea ulitazame tena."

"Karibu," mama akasema.

Gari likaondoka na tiki-tiki yake. Tapeti alibaki ameshika bisibisi, hajui aiweke wapi.