Fumbo Lililokataa Kufunga

Baba yangu alikuwa mtunzi wa mafumbo ya maneno, yale ya miraba ambayo hapa Bukavu kila mtu anayaita mots croisés hata kama hajawahi kujaza moja. Alianza kwa hasira. Magazeti ya Ulaya yaliyofika shuleni alikofundisha yalimuuliza kila wiki majina ya mito ya Ufaransa, naye akachoka. Akachukua daftari ya hesabu, rula na kalamu ya wino mweusi, akaanza kutunga ya kwetu, kwa Kiswahili. Alipostaafu aliendelea. Kila Jumapili baada ya misa wenzake wawili walikuja nyumbani kwetu Nyawera kulifumbua la wiki hiyo.

Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu wa sauti kubwa. Wa pili alikuwa mama mjane mwenye duka la dawa, ambaye hakupaza sauti lakini hakukubali kushindwa ovyo. Desturi yao haikuvunjwa hata siku moja: mtunzi anakaa nao mezani, anakunywa chai yake ya tangawizi, na hasemi neno. Ukimuuliza kitu anatazama dirishani. Maneno yote yakishajaa inabaki kazi ngumu, kutaja kichwa cha fumbo, yaani lile jambo moja linaloyaunganisha maneno yote. Wakilipata, baba anagonga meza kwa kijiko. Wakikosa, anaendelea kunywa chai, nao wanakwenda kuumwa kichwa wiki nzima.

Mwaka huu baba alianza kupotea. Alipotea Kadutu, sokoni, mahali alipopita maisha yake yote, akarudishwa na muuza mkaa. Mdogo wangu wa kike, anayeishi Kamanyola, alitaka kumchukua. Kule ni tambarare, alisema, na kiwanja chake kina ukuta. Baba alikataa katakata. Kamanyola ni mahali pa kupita, alisema, si pa kukaa. Nilimtetea. Nikamwambia mdogo wangu kwamba maadamu fumbo la baba linafunga, yaani maneno yake yote yanakutana sawasawa, akili yake ipo, na atabaki nyumbani kwake.

"Sawa, yaya," alinijibu kwenye simu, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa. "Lakini siku fumbo haitafunga, unanipigia siku ileile."

Nikaapa.

Kuwanakilia wageni fumbo kulikuwa kazi yangu, kwa sababu mwenye mashine ya fotokopi hafungui Jumapili. Jumapili iliyofuata asubuhi nilikaa na karatasi ya baba, nikapiga mistari, nikaanza kuandika maswali. Namba nne iliuliza: "Hupanda Kadutu kutwa nzima bila kupumzika." Moshi, nikajisemea, miraba mitano, safi. Namba kumi na moja iliuliza swali lilelile, neno kwa neno, ila miraba yake ilikuwa tisa. Katikati kulikuwa na miraba minne iliyozungukwa na mieusi pande zote, haina swali. Chini yake maneno yalikutana na kukataana, moja likitaka A pale ambapo jingine lilitaka K.

Nilingoja nishtuke, sikushtuka. Nilikuwa kama shavu lenye ganzi baada ya kung'olewa jino, unalibonyeza na halijibu. Ningeweza kulirekebisha, nimekua nikiyaona haya mafumbo. Lakini nililinakili mara mbili na makosa yake yote, kwa mwandiko mzuri. Sikutaka kuwa mimi wa kulisema. Wenzake wangeliona, wangelisema, na mimi ningepiga simu.

Waliliona haraka.

"Quatre na onze iko na swali moja," alisema yule mama, akionyesha namba nne na kumi na moja, akavua miwani.

"Njo ujue muzee leo ametukamata," alisema mwalimu, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. "Huyu hawezi kukosea. Miaka yote hii umeona anakosea? Iko makusudi!"

Basi wakaanza. Mwalimu alisema hayo maneno yanayokataana ni njia iliyokatika. Tazama yanavyoshuka, alisema, kutoka juu mpaka chini, ni barabara ya uwanda: hapa Kamanyola, hapa Luvungi, na kila herufi inayogombana ni kizuizi cha askari. Mama akasema hapana, njia gani, aitazame ile miraba minne ya katikati. Imezungukwa pande zote, hakuna neno linaloingia wala kutoka. Ni kisiwa. Ni Idjwi. Na lile swali lililorudiwa ni ng'ambo mbili za ziwa, kila moja inauliza habari za kisiwa.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Nililetewa hoja nihukumu, nikasema sijui. Ukweli ni kwamba niliwaonea huruma kidogo na kuwakasirikia zaidi. Walikuwa wakijenga nyumba nzima juu ya shimo, tena nyumba nzuri, na walifanya hivyo kwa heshima. Baba alitazama dirishani, kama ilivyo desturi.

Mwishowe mwalimu akakubali kisiwa. Yule mama akamgeukia baba na kusema, "Papa, kichwa ni Idjwi."

Wote wawili wakakitazama kijiko. Baba alimaliza kukoroga chai, akaweka kijiko mezani. Kikalia.

Mwalimu alirusha mikono juu. Yule mama alicheka mpaka akajifuta macho, akasema hili ni kali kuliko yote aliyowahi kuyaona. Waliondoka wakipongezana. Nikaosha vikombe nikijiambia kwamba wenye kujua wamelipitisha, limefunga, na kiapo changu hakijavunjika. Baba angebaki. Hata hilo halikunifurahisha.

Niliporudi sebuleni alikuwa ameishika karatasi.

"Hii ni nani alitunga?"

"Ni wewe, papa."

Alitabasamu kwa upole. "Hapana, mama. Ya kwangu inafungaka." Akaweka kidole kwenye namba nne, kisha kumi na moja. "Swali moja." Akashuka katikati. "Hapa hakuna mulango." Akaendelea chini, kosa baada ya kosa, kwa mpangilio, bila kuruka hata moja, kama alivyosahihisha daftari za wanafunzi. Kisha akaikunja karatasi mara mbili na kunipa.

"Mwenye kutunga hii iko mugonjwa," alisema. "Iko na mutoto?"

"Iko naye."

"Basi umuambie amuangalie muzuri."

Nilisema nitamwambia. Nikatoka uani, nikampigia mdogo wangu, nikamweleza yote tangu asubuhi. Alilia. Nilingoja amalize, kisha nikamuuliza anakuja siku gani.