Kikohozi Nilichokifuta

Msimu wa korosho niliorudi kijijini kwetu Kiegei kurekodi, baba alikuwa na kikohozi. Nilikisikia tangu jioni ya kwanza, nikamwuliza kama anakunywa dawa. Akasema ni vumbi la kupalilia, litaisha mvua zikianza. Nikaridhika na jibu hilo, nikaendelea kufungua mizigo yangu.

Nilikuwa nasoma shahada ya pili ya sanaa Dar es Salaam. Kabla ya hapo nilikuwa fundi mitambo kwenye kituo cha redio, kazi ya kukaa nyuma ya kioo na kusafisha sauti za watu wengine. Sasa utafiti wangu ulikuwa wa kusikiliza. Wanafunzi wa fani nyingine walikwenda vijijini na karatasi za maswali. Mimi nilitakiwa kukaa mahali pamoja na kusikiliza siku nyingi, nirekodi nilichosikia, kisha nitunge kutokana na sauti hizo kazi ya nusu saa, mtu aisikilize kama anavyosikiliza muziki. Ripoti yangu ingeeleza mambo niliyoyajua kwa masikio, ambayo nisingeyapata kwa kuuliza.

Baba alinisikiliza nilipomweleza. Nyumbani aliongea Kimwera, lakini Kiswahili chake alikipanga taratibu, kama mtu anayechagua pa kukanyaga.

"Na ukimaliza unakuwa nani?" akauliza.

"Mwalimu, labda."

"Haya. Mwalimu ni sawa."

Nilichokitaka kuliko vyote ilikuwa sauti ya korosho kuanguka. Bibo, lile tunda la mkorosho, likiiva linaachia tawi lenyewe, linatua kwenye majani makavu kwa kishindo kidogo, laini, halafu kimya mpaka lianguke jingine. Ukikaa muda mrefu unaanza kulisubiri linalofuata, na kule kusubiri ndiko nilikotaka kukutia katika utungo wangu. Lakini sauti hiyo ni ndogo sana. Ilinilazimu kurekodi alfajiri kabla bodaboda hazijaanza kupita, vipaza sauti nikiviweka chini ya mikorosho iliyo nyuma tu ya nyumba.

Saa hiyo baba alikuwa ameshaswali na ameketi barazani. Alikohoa mara mbili kwa kifupi, mara moja kwa kirefu. Kwenye hedifoni zangu kikohozi kilipiga kama mtu anayegonga debe. Siku ya kwanza nilisubiri kipite. Siku ya pili nilikasirika nikanyamaza. Siku ya tatu nikamfuata barazani.

"Baba, samahani. Kikohozi kinaingia kwenye kazi yangu."

"Nimekuharibia?"

"Kidogo. Ningeomba ukae kule mbele, mpaka jua litoke."

Alichukua kigoda chake akahama. Kesho yake sikumkuta kabisa. Mama alikuwa anawasha moto, akaniambia baba ameondoka kukiwa bado giza, amekwenda shamba la mbali, ng'ambo ya kijito, ili asinisumbue. Nilifurahi. Niliona amenielewa. Sikufikiria umande wa saa ile wala kile kilima cha kupanda akirudi. Nilirekodi vizuri asubuhi hiyo, na nyingine tano zilizofuata.

Asubuhi moja alikuja akachuchumaa karibu yangu, akaonyesha hedifoni kwa kidole. Nilimvisha. Alisikiliza shamba lake mwenyewe, kichwa kimeinama. Bibo likaanguka.

"Hilo ni la mkorosho wa kwenye kichuguu," akanong'ona. "Mabibo yake mazito."

Likaanguka jingine, akautaja na mti wake. Nilikuwa nimekaa pale siku tisa, na kwangu yote yalikuwa mamoja. Nilimwomba abaki. Nikavaa tena hedifoni, nikabonyeza kitufe, tukakaa pamoja kama dakika arobaini. Hakukohoa hata mara moja. Nilipomtazama macho yake yalikuwa na machozi, nikadhani ni moshi wa jikoni. Nilipozima kinasa sauti aliinuka upesi akaenda nyuma ya nyumba, na huko nikamsikia akikohoa, akikohoa, mpaka mama akaacha sufuria akamfuata.

Kwenye daftari niliandika: rekodi safi kuliko zote.

Siku ya mwisho nilikaa na kompyuta yangu nikapanga mafaili ya kadi ya kinasa sauti. Yote yenye kikohozi niliyafuta. Nafasi ilikuwa ndogo, na redioni nilifundishwa kutotunza takataka.

Mwezi wa tatu, nikiwa nimesharudi Dar es Salaam, mama alinipigia simu. Baba alikuwa amelazwa hospitalini Nachingwea. Nilipofika picha ya kifua ilikuwa imeshapigwa. Daktari, mwanamke wa rika langu, alituita mimi na mama chumbani kwake, akauliza kikohozi kilianza lini na kilikuwa cha namna gani. Mama alianza kutafuta maneno. Mimi nikajibu. Nilisema kilikuwa kikavu mwanzoni, viwili vifupi na kimoja kirefu, kile kirefu kikimalizikia kwa mluzi mwembamba. Nilisema kilizidi alfajiri na kila alipokaa muda mrefu, na kwamba baada ya wiki mbili kikaanza kuwa na sauti ya maji kwa chini.

Daktari aliacha kuandika.

"Ulikisikiliza vizuri," akasema.

Swali lililopaswa kufuata hakuliuliza. Alitueleza kwa upole kwamba ugonjwa umekaa muda mrefu kwenye mapafu, na kwamba watafanya wanachoweza.

Wodini baba alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili. Alikuwa amepungua mpaka kola ya shati ilimzunguka shingoni bila kumgusa. Nilimshika mkono.

"Kazi yako," akasema, "wameipokea?"

"Bado, baba. Naimalizia."

"Nilikuharibia zile siku."

"Hukuniharibia."

"Nilikuharibia," akarudia, kama anayetaka jambo liwekwe sawasawa. "Lakini ile siku tuliyokaa wote, nilijitahidi."

Nilimfuta jasho. Alifariki siku ya nne, asubuhi, nikiwa nimetoka kununua uji. Tulimrudisha Kiegei, akazikwa alasiri ile ile.

Niliumaliza utungo wangu katika miezi iliyofuata kwa sababu sikujua la kufanya jingine. Rekodi ya ile asubuhi tuliyokaa wawili niliiweka katikati, dakika sita nzima bila kuikata. Mwalimu aliyenisimamia aliisikiliza mara mbili, akasema ukimya wa pale una uzito ambao hawezi kuueleza. Nilimshukuru. Mimi pia sikuweza kuueleza.

Eda ilipokwisha mama alihamia Nkowe kwa kaka yake. Nikapanda basi mpaka Ruangwa, nikamalizia kwa bodaboda. Nilimkuta ukumbini, amekaa kwenye mkeka akichagua mbaazi kwenye ungo. Baada ya salamu na chakula nilimwambia kazi imekwisha, na kwamba baba angependa aisikie. Nilimvisha hedifoni, mimi nikachomeka nyingine, tukasikiliza pamoja.

Mwanzoni mikono yake iliendelea kuokota vijiwe. Tulipofika katikati ikasimama.

"Hapa yupo," akasema.

"Nani?"

"Baba yako. Anakizuia. Sikiliza pumzi."

Nilirudisha nyuma nikaongeza sauti. Chini ya majani, chini ya njiwa wa mbali, kulikuwa na pumzi inayoingia puani na kukatwa, kisha mmezo, kisha pumzi nyingine fupi kuliko ya kwanza. Nilikuwa nimelipitia faili lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nilidhani ni upepo kwenye manyoya yanayokikinga kipaza sauti. Ningeujali zaidi ule upepo, ningeusafisha.

"Na anapokohoa ni wapi?" mama akauliza.

"Nilifuta, mama."

"Kote?"

"Kote."

Alivua hedifoni akaziweka kwenye mkeka, taratibu, kana kwamba zinaweza kuvunjika. "Miezi ile ya mwisho nilikuwa nikijua alipo kwa kile kikohozi," akasema. "Nikiwa jikoni nasikia, ahaa, sasa amefika kisimani. Sasa anarudi." Kisha akauvuta ungo wake. Hakunigombeza. Nilikaa pale nikisubiri anigombeze, na hakufanya hivyo mpaka nilipoondoka.

Dar es Salaam niliipeleka kadi ya kinasa sauti kwa mafundi wawili. Wote walisema juu ya yale niliyoyafuta nimesharekodi mengine, hakuna cha kuokoa. Nilibadilisha ripoti. Badala ya sura niliyokuwa nimeandika kuhusu utulivu wa alfajiri, niliandika kwamba nilikwenda nyumbani kujifunza kusikiliza, na jambo la kwanza nililofanya ni kumhamisha mtu aliyekuwa akisikika. Msimamizi alisoma, akaniuliza kama nataka kumrekodi mtu mwingine akikohoa, nikitie kikohozi chake mahali pa kile nilichokifuta. Nikasema hapana. Zile pumzi niliziacha kama zilivyo, nikazipandisha sauti kidogo tu.

Siku ya kutetea kazi, mmoja wa wasahihishaji aliuliza ile sauti ndogo ya katikati ni ya nini.

"Ni baba yangu," nikasema. "Anajizuia asikohoe, ili nipate rekodi nzuri."

Hakuna aliyeuliza zaidi, wakahamia swali jingine, nami nikalijibu.

Nilifaulu. Nilimpigia mama simu kumweleza, akasema alhamdulillahi, akauliza kama nimeshakula. Shamba la Kiegei tumempa jirani alitunze. Mama anasema msimu huu hawezi kurudi kule. Labda unaokuja.